Una Shahada ya Fani Nyingine na Unataka Kuwa Muuguzi: Kinachohesabiwa na Kisichohesabiwa

Mtu ana shahada ya biashara, ya sheria, ya ualimu au ya uhandisi. Huenda amefanya kazi miaka kadhaa, huenda hajawahi kuajiriwa, na sasa anataka kuingia katika uuguzi. Je, ataanza upya kama kijana aliyemaliza sekondari juzi, au shahada aliyonayo itampunguzia safari? Akiuliza huku na huko atapata majibu mawili yanayopingana. Kuna watakaomwambia kwamba shahada ya zamani haina kazi tena na kwamba akubali tu kuwa miaka ile imekwenda. Wengine watamwambia kwamba mwenye shahada huwa muuguzi kwa mwaka mmoja, na watamtajia jamaa wa jamaa aliyefanya hivyo Marekani. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na kila moja hupotosha likichukuliwa peke yake. Upotoshaji huo una gharama, kwa sababu wapo watu makini waliolipia kozi hadi mwisho ndipo wakagundua kwamba cheti walichopewa hakiwaruhusu kumhudumia mgonjwa hata mmoja.

Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni hili: shahada ya kwanza hupunguza muda wa darasani, na haipunguzi kwa kiasi kama hicho muda wa wodini. Anayelielewa jambo hilo moja ataelewa pia kwa nini kozi ya fulani ni ya miezi 12 na ya mwenzake ni ya miaka minne, na kwa nini zote mbili zinaweza kuwa sahihi.

Elimu, leseni na ajira ni vitu vitatu

Katika mazungumzo ya kawaida mambo haya matatu huwekwa kapu moja, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Mfano wa udereva unasaidia. Shule ya udereva humpa mwanafunzi cheti kinachoonyesha kwamba amefundishwa. Mamlaka ya serikali humpa leseni baada ya kujiridhisha kwamba anaweza kuendesha gari bila kuhatarisha watu. Na mwenye mabasi ndiye anayeamua kumpa usukani au kumnyima. Katika uuguzi, chuo hutoa cheti, stashahada au shahada. Baraza la wauguzi la nchi husika, au chombo kingine chenye mamlaka kama hayo, humwandikisha mhitimu katika daftari la wauguzi na kumpa leseni, mara nyingi baada ya mtihani. Hospitali ndiyo huajiri. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uuguzi na asiwe na leseni, na anaweza kuwa na leseni na asipate ajira.

Hilo la mwisho linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu watu wengi huvutwa na habari za upungufu wa wauguzi duniani. Upungufu upo kweli: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8, na bado walipungua milioni 5.8. Hata hivyo, upungufu unaohesabiwa kwa mahitaji ya wagonjwa hauwi nafasi ya kazi mpaka pawe na bajeti ya kulipa mshahara. Zipo nchi ambazo wodi zina muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi kupita kiasi, na papo hapo wauguzi wenye leseni wamekaa nyumbani wakisubiri kuajiriwa. Anayebadili fani kwa ajili ya uhakika wa kazi aangalie ajira katika nchi anayokusudia kufanyia kazi, wala asitegemee takwimu za dunia nzima.

Wauguzi nao hawako ngazi moja. Marekani, kwa mfano, ina wasaidizi wa wauguzi, ambao sheria ya taifa inawataka wapate mafunzo ya saa 75 kwa uchache; ina wauguzi wa vitendo, ambao mafunzo yao huchukua takriban mwaka mmoja; na ina wauguzi waliosajiliwa, ambao wanaweza kufika hapo kwa stashahada ya miaka miwili au kwa shahada ya miaka minne, na wote wawili hufanya mtihani uleule wa leseni. Nchi nyingine hupanga ngazi zake kwa namna yake. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba amekuwa muuguzi kwa mwaka mmoja, swali la kwanza la kumuuliza ni ngazi gani.

Njia zilizopo

Njia iliyo wazi kila mahali ni kuanza kozi ya kawaida ya uuguzi, ya stashahada au ya shahada, na kuisoma yote. Ni njia ndefu, lakini haina utata, na katika nchi nyingi ndiyo pekee iliyopo.

Njia ya pili ni shahada ya pili iliyofupishwa, iliyoandaliwa mahususi kwa watu wenye shahada ya fani nyingine. Imeenea zaidi Marekani, ambako kozi za namna hii huchukua kati ya miezi 11 na 18. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha yake mwaka 1971, na hivi leo zipo karibu katika kila pembe ya nchi hiyo. Muda unapatikana kwa sababu mwanafunzi hasomi tena masomo ya jumla, kama uandishi, historia na sayansi ya jamii, ambayo hujaza sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya Kimarekani. Aliyasoma alipokuwa akisomea uhasibu au fasihi, na chuo kinamkubalia. Zaidi ya hapo, kozi haina likizo ndefu, na wiki ya masomo hujaa kuliko wiki ya kazi ya kawaida.

Ya tatu ni uzamili wa kuingilia, yaani shahada ya uzamili inayompokea mtu asiye muuguzi na kumtoa akiwa na sifa ya kusajiliwa. Nchini Uingereza na Australia kozi hizi huwa za miaka miwili. Marekani zipo pia, na nyingi huchukua hadi miaka mitatu kwa sababu ndani yake kuna mafunzo ya msingi ya uuguzi kwanza, kisha masomo ya ngazi ya juu.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimemaliza wauguzi hospitalini, Chuo cha Vassar katika jimbo la New York kilipokea zaidi ya wanawake 400 waliokuwa tayari na shahada za vyuo mbalimbali, nyingi zikiwa hazihusiani na afya. Walifundishwa sayansi kwa wiki 12 za kiangazi, usiku na mchana, kisha wakasambazwa hospitalini kuendelea na mafunzo kwa muda wa miaka kama miwili, wakati wanafunzi wengine walitakiwa kukaa mitatu. Waandaaji waliona kwamba mtu aliyekwisha kujua kusoma kwa bidii, kuandika na kupima hoja anaweza kupitishwa upesi katika nadharia, lakini hawakuona kwamba anaweza kupitishwa upesi wodini kwa kiasi hichohicho. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kozi zote zilizofupishwa bado zimejengwa juu ya hesabu ile.

Kwa nini wodi haifupishwi kirahisi

Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka muuguzi wa huduma za jumla apate mafunzo ya saa 4,600 kwa uchache, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za vitendo, mbele ya wagonjwa na chini ya usimamizi. Uingereza ilijenga mafunzo yake juu ya msingi huohuo wa saa 4,600. Inapomruhusu mwenye shahada kumaliza kwa miaka miwili, hufanya hivyo kwa kumtambulia masomo na uzoefu wake wa awali, usiozidi nusu ya kozi, na vyuo vingi humtaka athibitishe uzoefu huo kwa maandishi, pamoja na saa alizowahi kuhudumia watu. Australia inataka saa 800 za mafunzo ya vitendo kwa uchache, na saa za kufanya mazoezi kwa midoli ya maabara hazihesabiwi humo.

Anayetoka katika fani nyingine anaweza kuona masharti haya kama ukiritimba. Mfano mmoja unatosha kuonyesha sivyo. Mgonjwa mtu mzima amefanyiwa upasuaji wa tumbo jana. Asubuhi anaongea vizuri, anasema hajambo, shinikizo lake la damu ni la kawaida na oksijeni yake ni nzuri. Anapumua mara 22 kwa dakika, moyo wake unapiga mara 112, na joto lake ni nyuzi 38.2. Hospitali za Uingereza hutumia mfumo wa alama uitwao NEWS2, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017, ambao hugeuza vipimo kama hivyo kuwa namba. Kupumua mara 22 ni alama mbili, mapigo 112 ni alama mbili, na joto la nyuzi 38.2 ni alama moja. Jumla ni tano, na tano ndiyo alama inayotaka mgonjwa aangaliwe kwa haraka na mtu mwenye uwezo wa kutambua hali inayozorota, kwa sababu huenda maambukizi yameanza kusambaa mwilini wakati shinikizo la damu bado halijashuka.

Mhitimu wa takwimu ataijumlisha namba hiyo haraka kuliko sisi wengine wote. Lakini namba imepatikana kwa sababu kuna mtu aliyehesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia mgonjwa, akijua kwamba mtu akishaambiwa anahesabiwa pumzi hubadili anavyopumua. Huyo hakutosheka na neno hajambo. Aliona kwamba mgonjwa amejikunyata kidogo kuliko jana, akagusa ngozi yake, akatazama kidonda na mkojo uliokusanyika, kisha akampigia daktari simu na kueleza kwa sentensi chache jambo linalotakiwa kufanyika sasa. Utambuzi wa namna hii hujengwa kwa kuona wagonjwa wengi, wazima kwa wanaozorota, huku mwenye uzoefu akiwa karibu. Shahada ya sheria haiwezi kuwa badala yake, na hata shahada ya biolojia haiwezi. Kwa maoni yangu, chuo kinachotangaza kwamba kimefupisha sehemu hii ndicho cha kuogopwa kuliko vyote.

Ule mwaka mmoja unaotajwa

Sasa turudi kwa yule aliyesikia kwamba uuguzi husomwa kwa miezi 12. Miezi hiyo huanza kuhesabiwa baada ya masomo tangulizi, na hapo ndipo wengi hujikuta hawakupanga vizuri. Vyuo vya Marekani vyenye kozi zilizofupishwa kwa kawaida humtaka mwombaji awe amekwisha kusoma na kufaulu anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu na lishe. Mhitimu wa baiolojia anaweza kuwa nayo mengi. Mhitimu wa uhasibu huenda ana takwimu peke yake, na masomo yaliyobaki yatamchukua miezi kadhaa au mwaka mzima, hasa kwa kuwa mengine hufuatana na hayawezi kusomwa kwa pamoja. Vyuo kadhaa hukataa pia masomo ya sayansi yaliyosomwa zamani, kwa mfano zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Ukijumlisha masomo hayo, muda wa kuomba nafasi, kozi yenyewe na mtihani wa leseni, mwaka mmoja wa kwenye tangazo huwa miaka miwili au zaidi katika maisha ya mtu.

Mahali pasipo na kozi zilizofupishwa, mlango huwa mwingine. Vyuo vingi hupokea wanafunzi kwa kuangalia matokeo ya sekondari katika biolojia, kemia na masomo mengine ya sayansi, na shahada ya fani nyingine haifuti matokeo hayo. Mtu mwenye shahada nzuri ya sheria aliyeacha kemia kidato cha pili anaweza kukataliwa chuo ambacho mdogo wake, mwenye kidato cha nne tu, amepokelewa. Inauma, na kwa mtazamo wa kwanza haionekani kuwa ni haki, lakini sababu yake ipo: dawa ni kemia na mwili ni biolojia, na chuo hakina mahali pengine pa kuona kwamba mwombaji anayo misingi hiyo. Wengine hulazimika kurudia mitihani ya masomo hayo wakiwa watu wazima. Ni afadhali mtu ajue hilo mapema, kabla hajaacha kazi.

Shahada ya zamani inaleta nini wodini

Sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba shahada ya awali imepotea. Kazi ya muuguzi ni pana kuliko inavyoonekana na mtu aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mgonjwa wa kisukari anayeruhusiwa kurudi nyumbani lazima afundishwe kujidunga insulini, kutambua dalili za sukari kushuka na kutunza miguu yake, na anayejua kufundisha atafanya kazi hiyo kwa ustadi unaookoa maisha. Mtu wa sheria hahitaji kushawishiwa kwamba jambo lisiloandikwa kwenye jalada la mgonjwa ni vigumu kuthibitisha kwamba lilifanyika. Mtaalamu wa kompyuta atakuta kwamba hospitali zinahamisha kumbukumbu zao kwenye mifumo ya kidijitali, na zinatafuta sana watu wanaoelewa mfumo na wodi kwa pamoja. Mtaalamu wa ustawi wa jamii ataona mapema kwamba mgonjwa anarudi hospitalini kila mwezi kwa sababu nyumbani hakuna wa kumpikia.

Florence Nightingale, ambaye shule yake ya uuguzi ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alipenda hesabu tangu ujana wake. Ni kwa michoro ya takwimu alivyowaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba askari wengi waliokufa katika Vita vya Krimea waliuawa na magonjwa yaliyoweza kuzuiwa kuliko majeraha, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha nchi hiyo. Hesabu zake na uuguzi wake vilikuwa kazi moja.

Tahadhari moja inafaa hapa. Faida hizi huonekana baadaye, mtu akishakuwa muuguzi hodari, na hasa anapopanda kuelekea ualimu, uongozi, utafiti au mifumo ya taarifa. Katika miezi ya kwanza hakuna atakayeuliza juu ya shahada ya mwanzo. Aliyekuwa meneja wa watu kumi atafundishwa kutandika kitanda chenye mgonjwa na muuguzi mdogo kwake kwa miaka kumi, naye atasahihishwa mbele za watu. Wanaoshindwa katika kubadili fani mara nyingi hawashindwi na fiziolojia. Hushindwa kukubali kuwa mwanafunzi tena. Aliye tayari kusema hajui, na kuuliza mara ya pili kabla ya kutoa dawa, ana sifa ambayo kozi haiwezi kuiongeza kwa asiye nayo.

Dhana zinazorudiwa sana

Ya kwanza ni kwamba uzamili wa uuguzi humfanya mtu yeyote kuwa muuguzi. Hapa ndipo pana hasara kubwa zaidi. Uzamili mwingi wa uuguzi umekusudiwa watu ambao tayari ni wauguzi wenye leseni na wanataka kubobea. Upo uzamili mwingine wa fani za jirani, kama afya ya jamii au uongozi wa huduma za afya, unaompokea mtu yeyote mwenye shahada. Ni elimu nzuri, lakini hauna saa za wodini na haumfikishi mtu kwenye leseni. Ni ule wa kuingilia pekee unaofanya hivyo, na hata huo lazima uwe umeidhinishwa na chombo kinachosajili wauguzi wa nchi hiyo.

Kuna dhana kwamba uuguzi unaweza kusomwa wote kwa mtandao. Nadharia inaweza kufundishwa hivyo, na vyuo vingi vinavyoheshimika hufanya hivyo kwa sehemu. Kutafuta mshipa, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kuweka mpira wa mkojo bila kuingiza vijidudu na kumpokea mgonjwa anayelia kwa maumivu usiku wa manane havifundishiki kwenye skrini.

Wengine huogopa hesabu. Hesabu za uuguzi ni za kuzidisha na kugawanya, ila hazivumilii uzembe. Daktari akiagiza mililita 1,000 za dripu ziingie kwa saa nane, na mpira wa dripu ukiwa unatoa matone 20 kwa kila mililita, muuguzi huzidisha 1,000 kwa 20, akagawanya kwa dakika 480, akapata matone 42 hivi kwa dakika. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuikokotoa. Ugumu ni kuikokotoa kwa usahihi saa kumi alfajiri, na kushtuka pale jibu linapokuwa mara kumi ya inavyotakiwa kwa sababu nukta imekaa pabaya. Waliozoea vitabu vya hesabu vya biashara huwa na faida ya wazi hapa.

Umri nao hutajwa sana. Uingereza na Marekani haziweki umri wa juu wa kusajiliwa kuwa muuguzi, na madarasa ya kozi zilizofupishwa huwa na watu wa miaka 30, 40 na zaidi. Kikwazo kinaweza kutokea kwingine, kwa kuwa baadhi ya serikali huweka ukomo wa umri wa kuajiriwa kwa mara ya kwanza katika utumishi wa umma. Mtu wa miaka 42 anayeanza kozi ya miaka minne anapaswa kuuliza habari hizo kabla ya kuanza.

Dhana kwamba muuguzi ni msaidizi wa daktari aliyekosa udaktari ni ya kuachwa kabisa. Uuguzi una taaluma yake: muuguzi hutathmini hali ya mgonjwa, hubainisha matatizo, hupanga huduma, huitekeleza, kisha hupima kama imesaidia, na anawajibika kwa leseni yake mwenyewe. Anayeingia akidhani ni njia ya mkato ya kufika udaktari atakuta masomo ya udaktari bado yanamsubiri yote. Vilevile si kazi ya wanawake pekee, ingawa Shirika la Afya Duniani lilipofanya hesabu mwaka 2020 lilikuta wanaume ni kama mmoja katika kila wauguzi kumi.

Na kuna wanaonong'ona kwamba anayebadili fani anafuata mshahara, hana wito. Sioni aibu katika kutaka kazi inayolipa. Mgonjwa anahitaji mikono safi, macho yanayoona na moyo unaojali, na mtu anaweza kuwa na vyote hivyo akiwa na watoto wa kulisha.

Fedha, mwili na mambo madogo yanayochelewesha

Kusoma shahada ya pili kuna tatizo lake la fedha, kwa sababu misaada mingi ya serikali imewekwa kwa ajili ya shahada ya kwanza. Ruzuku ya taifa ya Marekani iitwayo Pell haitolewi kwa mtu ambaye tayari ana shahada, hivyo wengi wa kozi zilizofupishwa hutegemea mikopo na akiba. England, kinyume chake, hunyima mikopo ya shahada ya pili katika fani nyingi lakini imeufanya uuguzi kuwa miongoni mwa zilizosamehewa. Ada ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande mzito zaidi ni mshahara ambao hautaingia, kwa sababu kozi iliyofupishwa haiachi nafasi ya kufanya kazi, na vyuo vingi huwashauri wanafunzi wasijaribu.

Mwili nao una sehemu yake. Zamu za saa 12 ni za kawaida katika hospitali nyingi, za usiku zikiwemo, na sehemu kubwa ya saa hizo ni ya kusimama, kutembea na kuinua. Chuo kitadai uchunguzi wa afya, uthibitisho kwamba mtu hana rekodi ya jinai inayomzuia kuhudumia watu walio dhaifu, na chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watu wazima hutolewa mara nyingi kwa dozi tatu zinazoenea katika miezi sita, kwa hiyo anayengoja mpaka wiki ya kuripoti anaweza kuzuiwa kuingia wodini.

Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, nashauri mtu atafute namna ya kukaa wodini kwanza, kwa kujitolea au kwa kazi ya msaidizi wa wauguzi. Mwezi mmoja wa kuosha wagonjwa, kubeba vyombo vya haja na kuona mtu akikata roho utamwambia mengi ambayo tovuti ya chuo haiwezi kumwambia. Wapo watakaorudi kwenye fani yao bila hasara yoyote, na wapo watakaogundua kwamba wameipata kazi yao.

Leseni haivuki mpaka yenyewe

Wengi wanaobadili fani wana nia ya kufanya kazi nchi nyingine, na hapa kozi fupi inahitaji uangalifu wa ziada. Leseni ni ya nchi iliyoitoa. Marekani humtaka muuguzi kutoka nje afaulu NCLEX-RN, mtihani wa kompyuta unaochagua swali linalofuata kwa kuangalia majibu yaliyotangulia, wenye maswali kati ya 85 na 150. Uingereza humtaka afanye mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo wenye vituo kumi. Kabla ya mitihani hiyo, vyombo vinavyosajili wauguzi huchambua mafunzo ya mwombaji, na vingi hutaka kuona saa za nadharia na saa za vitendo kwa kila eneo: watu wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Kozi iliyompatia mtu leseni mahali alipoisomea inaweza kuonekana pungufu mahali pengine, na akaambiwa arudi darasani kufidia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mwombaji amwulize mkuu wa udahili mambo haya kwa maandishi: kama kozi imeidhinishwa na baraza la wauguzi na idhini hiyo inaisha lini, inampa mhitimu sifa ya kusajiliwa katika ngazi ipi, ina saa ngapi za vitendo na zinafanyikia hospitali gani, na wahitimu wangapi wa mwaka uliopita walifaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza. Kisha jibu la idhini alihakikishe kwa baraza lenyewe, kwa kuwa orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa huwa wazi kwa umma. Akishaanza, ahifadhi maelezo ya kila somo na kila kituo cha vitendo, pamoja na saa zilizotiwa saini na msimamizi, tangu wiki ya kwanza ya masomo, kwa sababu miaka kumi baadaye chuo kinaweza kuwa kimebadili mtaala au jina, na baraza la nchi nyingine litazitaka karatasi zilezile.